Maji Yasiyotoa Povu

Sura ya Tisa

"Fungua, Sajini. Fungua zaidi. Kazi yako ni kufungua watu midomo, mbona wako mwenyewe mzito?"

Sajini Gaudens Lyimo alifungua kinywa mpaka taya likamuuma. Ilikuwa Ijumaa, tarehe nne Mei 1956, saa mbili asubuhi, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama la mtu aliyeficha ndimu. Nje mvua ya masika ilikuwa imekatika, na mikokoteni ya Kariakoo ilipita ikivuruga tope.

Daktari Menezes, Mgoa mfupi aliyekuwa na chumba chake cha meno ng'ambo ya soko, alichokonoa kizibo cha muda juu ya gego. Akatoa pamba iliyokuwa chini yake, akainusa, akakunja uso.

"Usaha. Jumatano niliiosha mifereji yote mitatu ya jino hili. Usaha umetoka wapi?"

Gaudens alinyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani.

"Najua una haraka," alisema daktari. "Kila mtu ana haraka. Mrisho, bomba."

Haraka ya Gaudens haikuwa ya jino. Kesho yake, saa tatu asubuhi, Liwali angetoa uamuzi juu ya nyumba ya Bi Kuruthumu binti Kondo ya Mtaa wa Narung'ombe. Mumewe, marehemu Mzee Mwinjuma, aliwahi kumwandikia barua mfanyabiashara mmoja wa maharage na vitunguu, Onesphory Tarimo. Bi Kuruthumu alisema barua ile ilimruhusu Onesphory kutumia chumba cha mbele kwa miaka miwili, basi. Lakini karatasi iliyofikishwa barazani Jumatano ilisema Mzee Mwinjuma amemuuzia nyumba nzima. Sahihi ilikuwa ya marehemu. Alama ya dole gumba ilikuwa yake. Mjane aliapa kwamba ndiyo barua ileile, ila maneno si yale.

Gaudens aliikagua karatasi ile kwa kioo cha kukuzia mezani kwa karani wa baraza. Haikukwaruzwa popote. Jambo moja tu lilimshika macho. Ilikuwa karatasi ya daftari, yenye mistari ya bluu, na mahali paliposema "nimemuuzia nyumba nzima" mistari ile haikuwepo. Ilikoma upande mmoja wa maneno na kuanza tena upande wa pili. Inspekta wake alisikiliza, akarudisha jalada mezani. "Karatasi mbovu," alisema. "Niletee kitu kilichofuta, na mkono uliokishika. Kabla ya Liwali kusema. Baada ya hapo mama huyo atoke tu, nasi tufunge jalada."

Mrisho, msaidizi wa daktari, alisogea na bomba la sindano. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, midomo imemkauka kwa swaumu. Daktari alilipokea, akaingiza sindano butu ndani ya mfereji wa kwanza, akasukuma polepole. Kisha akachukua bomba la pili, akasukuma tena, akainama kutazama.

Akatazama kwa muda mrefu.

"Hakuna," alisema. "Hii peroksaidi imekufa. Joto la mji huu linaua kila kitu."

Gaudens aliinua mkono, akaichomoa pamba iliyokuwa shavuni.

"Kitu gani hakuna?"

"Povu. Tulia, usiongee."

"Daktari, povu la nini?"

Menezes alishusha pumzi kama mwalimu aliyeulizwa swali na mtoto aliyekuwa amelala. "Mzizi wa jino una mfereji mwembamba kuliko uzi. Una kona. Vijisindano vyangu vinakwangua, lakini havifiki kila kona. Kwa hiyo naosha. Kwanza maji ya klorini, yanaua wadudu na kuyeyusha nyama iliyooza. Halafu peroksaidi. Zikikutana mle ndani zinachemka, povu linapanda na kuleta uchafu juu. Naosha tena na tena mpaka kijiti cha karatasi nikikitia kinatoka cheupe na kikavu. Povu likikosekana, uchafu unabaki chini, mimi nafunika juu, nawe unarudi na shavu kama hilo."

"Ijumaa iliyopita lilitoka. Lilinitekenya mdomo."

"Lilitoka, ndiyo."

"Jumatano?"

"Jumatano halikutoka. Nilidhani ni peroksaidi. Siku hiyohiyo halikutoka kwa Mwalimu Scholastika. Jumanne halikutoka kwa karani wa Posta."

"Nao wamerudi?"

"Wamerudi? Wamenipigia kelele! Mwalimu Scholastika ameniambia nirudi darasa la kwanza."

Gaudens aliketi wima. "Una chupa ya peroksaidi ambayo haijafunguliwa?"

Ilikuwepo. Daktari alikata lakiri, akamimina matone kwenye kisahani, akaongeza matone ya klorini kutoka chupa ya kahawia iliyokuwa juu ya meza ya vyombo. Kisahani kilitulia kama maji ya mtungini.

"Hata hii mpya imekufa?" aliuliza Gaudens.

"Haiwezekani. Imefika juzi."

Gaudens alichukua pamba iliyotoka kinywani mwake, yenye damu ya fizi. Akadondoshea tone la peroksaidi mpya. Damu ilichemka, ikawa nyeupe. Akachukua ya zamani, akadondoshea upande mwingine wa pamba. Nayo ikachemka.

"Zote mbili zi hai," alisema. "Basi maiti ni huyu mwingine."

Wote watatu waliitazama chupa ya kahawia. Menezes aliinyakua, akaizibua, akainusa, akainusa tena. "Harufu ni kidogo mno. Chumba hiki kinanuka karafuu tangu asubuhi hadi jioni, pua yangu haifai kitu. Mrisho! Umeweka nini humu?"

"Mimi, Daktari? Wallahi, sijaweka kitu."

Daktari alikuwa amekwisha kufungua kabati kwa ufunguo wa shingoni mwake. Alitoa chupa nyingine ya klorini, akamimina kisahanini. Safari hii povu lilifura, likavuka ukingo, likamwagika juu ya meza, likailowesha kadi ya Gaudens ya miadi.

"Kadi! Ondoa kadi!"

Gaudens hakuiondoa. Aliitazama. Tarehe iliyoandikwa kwa wino ilififia, ikawa ya manjano, ikatoweka. Mstari wa bluu uliokuwa chini yake nao ukatoweka. Karatasi ilibaki nyeupe, laini, bila mkwaruzo.

"Imeshaniharibia kadi nyingi hii," alinung'unika daktari. "Inakula wino kama mchwa."

Gaudens alifanya ishara ya msalaba, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akajaribu kushuka kitini.

"Unakwenda wapi? Rudi. Jino halisubiri polisi. Nipe dakika kumi."

Akampa. Povu lilipanda mara nne, na mara ya tano kijiti cha karatasi kikatoka cheupe. Menezes akaziba.

"Una bahati nimejua jino lako lilioshwa kwa kitu gani," alisema. "Kama ningeamini kwamba dawa kamili ilipita humu na bado likavimba, ningesema mzizi umepasuka. Ningeling'oa leo hii. Kwa daktari wa meno, kosa la maji na kosa la mzizi yanafanana uso, lakini tiba ni mbalimbali."

Gaudens aliifuta midomo, akamgeukia Mrisho. "Kaa hapo kwenye kiti changu, ndugu yangu."

"Kwenye kiti cha meno?"

"Ndicho kilichopo."

Mrisho alikaa pembeni kabisa.

"Nani hujaza chupa ile ya kahawia?"

"Mimi. Daktari ananitolea kabatini kila Jumatatu asubuhi, mimi naijaza."

"Jumatatu hii ulijaza nini?"

"Klorini. Asubuhi ile tuliosha watu wawili, povu lilitoka mpaka puani."

"Daktari?"

"Kweli. Hao hawajarudi kulalamika."

"Mrisho, umewahi kutoa dawa hiyo nje ya chumba hiki?"

Mrisho alitazama mikono yake. Daktari akavua miwani.

"Jibu, Mrisho," alisema Gaudens. "Unaishi Narung'ombe, mlango wa tatu kutoka kwa Bi Kuruthumu. Nikitaka kumtafuta mtu aliyeijua barua na aliyeishika dawa, naanza na wewe. Kwa hiyo jibu vizuri."

"Nilichukua kidogo," alisema Mrisho, sauti chini. "Kichupa cha dawa ya kikohozi. Kwa ajili ya kanzu yangu ya Idi, ilikuwa na doa la embe. Nikampa Seifu dobi. Daktari, nisamehe. Na nimechukua nimefunga, ee Mola wangu, sijui hata swaumu ile imekaa wapi."

"Siku gani?"

"Wiki ya kwanza ya mfungo."

Gaudens aliandika, akavaa kofia. Hakumwamini wala kutomwamini. Alikwenda kwa dobi.

Seifu alikuwa uani kwake Mchikichini, katikati ya kamba za mashuka, akisonya mawingu. Alipomwona askari kanzu alitupa kibano cha nguo ndani ya beseni.

"Sajini, mara ya tatu wiki hii! Kila kitu kikiwa cheupe mjini mnanijia mimi. Mnataka niwe napaka watu masizi?"

"Kanzu ya Mrisho iko wapi?"

"Hiyo hapo, inangoja Idi kama mwenyewe. Doa limetoka. Akija na lingine atanunua kanzu."

"Na dawa aliyokupa?"

Seifu aliingia chumbani, akatoka na kichupa kidogo chenye rangi ya kijani. Kilikuwa kimebaki na robo. "Nimeificha, wanangu wasije wakanywa. Alinipa siku ya nne ya mfungo, nakumbuka kwa sababu mke wangu alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake Buguruni."

Gaudens alihesabu kwa vidole. Siku ya nne ya mfungo ilikuwa katikati ya Aprili. Yeye aliketi kwenye kiti cha Menezes mara ya kwanza tarehe ishirini na saba, na povu lilitoka. Tena chupa ilijazwa upya Jumatatu, na asubuhi yake ilikuwa nzima. Wizi wa Mrisho ulikuwa wizi, lakini haukuwa huu. Tena kichupa kile kilikuwa cha vijiko vitatu. Aliyeibadili chupa ya kahawia aliimwaga karibu yote, akaijaza maji, akaacha kidogo tu cha kunukia.

"Unaniachia au unanichukua?" aliuliza Seifu. "Niambie mapema nianue nguo, mvua inarudi."

"Anika. Na shikilia hicho kichupa, usikimwage."

Aliporudi kwa daktari adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha adhiniwa, na Mrisho alikuwa msikitini. Gaudens hakupoteza muda huo. Aliomba daftari la miadi, akakaa nalo verandani.

Alichora mstari kati ya Jumatatu asubuhi na Jumanne asubuhi. Kabla ya mstari ule povu lilitoka. Baada yake halikutoka. Basi kazi ilifanyika Jumatatu, baada ya asubuhi. Alipojaribu kupata nani alikuwa peke yake na chupa, kila mlango ulifungwa. Chumba kilikuwa kimoja. Daktari hakutoka mgonjwa akiwa kitini. Mrisho naye hakutoka.

Mrisho aliporudi, kofia mkononi, Gaudens alimwita.

"Nitakuuliza neno moja, ufikiri kabla hujajibu. Jumatatu, tangu mchana mpaka mlipofunga, kuna dakika mgonjwa alibaki na vyombo peke yake?"

"Hakuna, Sajini."

"Hata moja?"

"Hatuachi mgonjwa. Labda..." Mrisho alisimama. "Labda Magharibi."

"Magharibi kuna nini?"

"Adhana ikilia natoka uani kufuturu. Tende tatu na maji, naswali, narudi. Robo saa."

"Na Daktari?"

Menezes alikuwa mlangoni. Alijikuna shingo. "Mimi nakaa naye uani, nakunywa chai. Tangu mfungo uanze nimeona si adabu mtu afuturu peke yake kama mwizi. Mgonjwa namwambia apumzishe taya."

"Nani huwa kitini wakati huo?"

"Wanaofunga hawawi," alisema Mrisho. "Hao tunawapangia baada ya futari, maana ukiosha mizizi mtu humeza, hata awe mwangalifu vipi. Mchana huja Wakristo na Mabaniani. Wa mwisho wa mchana ndiye adhana humkuta kitini."

Gaudens aligeuza daftari, akaweka kidole kwenye Jumatatu, tarehe thelathini Aprili, saa kumi na mbili kasorobo. Alisoma jina. Kisha akalisoma kwa sauti.

"Onesphory Tarimo."

"Huyo muungwana sana," alisema daktari. "Gego la chini, kulia."

"Nipe kadi yake."

Kadi ilikuwa mpya kuliko nyingine. Gaudens aliuliza kwa nini.

"Ile ya kwanza iliharibika, wiki moja kabla. Tone la klorini liliangukia tarehe. Alishangaa sana. Akaniuliza kama inafuta wino wa kila aina." Miwani ya Menezes ilibaki hewani, mkononi. "Nilifurahi kumfundisha. Nilimwonyesha kwa wino wa aina tatu."

"Baada ya futari mlirudi mkamuosha?"

"Tulimuosha."

"Kwa chupa ya kahawia."

"Kwa... Mama yangu! Kwa maji aliyoyatia mwenyewe. Na alikaa kimya, mdomo wazi."

"Wengine wote mliowaosha kwa maji wamerudi kulalamika," alisema Gaudens. "Mmoja ana haki ya kulalamika kuliko wote, naye hajarudi. Nataka kujua shavu lake likoje."

Alikwenda kwa miguu. Alijua kile anachokijua hakijatosha. Jina katika daftari si mkono kwenye chupa. Na hata Onesphory angemwambia kila kitu pale dukani, neno hilo lingekuwa kama upepo, kwa kuwa sheria ya ushahidi haipokei maungamo yaliyotolewa kwa polisi. "Bwana, unipe la kusema, na la kunyamazia," aliomba alipokuwa akivuka mfereji wa maji machafu kwa ubao.

Chumba cha mbele cha nyumba ya Bi Kuruthumu kilijaa magunia hadi darini. Onesphory alikaa nyuma ya mizani, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu la kulia limejaa na kung'aa.

"Karibu, Mangi," alisema kwa taabu. "Na wewe jino? Wachaga tumerogwa mwaka huu?"

"Tumeoshwa vibaya, nasikia. Pole."

"Ni baridi tu. Itapita."

Pazia la mlango wa ndani lilisogea. Bi Kuruthumu alitoka na bakuli linalotoa mvuke, kaniki mabegani, eda ilikuwa bado haijamwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie na wewe huyu asukutue. Tangu jana namchemshia maji ya chumvi, anayatazama tu kama nimemtilia sumu."

"Unamchemshia wewe?"

"Amchemshie nani? Barazani ni barazani. Mtu anaugua ndani ya nyumba yangu, usiku nasikia anavyougua. Kesho akiitwa mwenye nyumba atajichemshia." Aliweka bakuli juu ya mizani, akarudi ndani.

Onesphory hakuinua macho.

"Daktari Menezes amegundua dawa yake iliharibika wiki hii," alisema Gaudens. "Anawaosha tena wote, bure. Wamekwenda wote isipokuwa wewe. Twende."

"Sina nafasi."

"Usiku ulilala?"

"Mangi, niache."

"Sikukamati. Sina hati ya kukukamata. Nakwambia kama mtu aliyekaa kwenye kiti hicho leo asubuhi: uvimbe ukishuka shingoni, hutafika Jumapili. Mimi nimevuka mji na shavu hili kwa sababu yako. Twende uoshwe."

Onesphory aliligusa bakuli kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono. Kisha akanyanyuka, akafunga duka kwa komeo.

Mlangoni kwa daktari, Gaudens alimvuta Menezes pembeni.

"Sitakuomba umdanganye."

"Nisingekubali."

"Muulize tu yale ambayo lazima uyajue ili umtibu. Mrisho awepo. Mimi nakaa nje."

Alikaa kwenye benchi la veranda, chini ya dirisha lililo wazi, akatoa saa na daftari. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Alisikia kiti kikishushwa. Alisikia kizibo kikitoka, na Onesphory akiguna.

"Hali mbaya," ilisema sauti ya Menezes. "Sikiliza, Onesphory. Jumatatu nilikuosha jino hili mimi mwenyewe. Kama ilipita dawa kamili na bado limefika hapa, basi mzizi umepasuka. Jino kama hilo haliokoleki. Naling'oa sasa hivi, na taya nalichana kutoa usaha. Lakini kama haikupita dawa, mzizi ni mzima, nitauosha leo na kesho kutwa, utazeeka nalo. Mimi siku ile sikunusa. Sijui kilichopita. Nani anajua?"

Koleo liligonga sinia.

"Usishike hilo," ilisema sauti ya Onesphory. "Osha tu."

"Nikiosha jino lililopasuka nausukuma usaha kwenye mfupa. Niambie nioshe kwa sababu gani."

Mkokoteni ulipita barabarani. Gaudens alingoja upite, kalamu juu ya karatasi.

"Yalikuwa maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Bomba lile pale."

"Umejuaje?"

"Niliyatia mwenyewe. Mlipokuwa mkifuturu. Dawa niliitia kwenye chupa ya soda." Sauti ilipasuka. "Osha, Daktari, kwa jina la Mungu. Ilikuwa ya karatasi. Nilihitaji kufuta maneno machache tu."

"Astaghfirullah," alisema Mrisho. "Sisi tunafungua swaumu, wewe unafungua chupa."

Gaudens aliandika saa, akaandika majina ya waliomo chumbani, akapiga mstari chini. Hakuingia. Alisubiri mpaka aliposikia daktari akisema kijiti kimetoka cheupe, na kizibo kikabanwa. Ndipo akasimama mlangoni.

Onesphory alimtazama kutoka kitini. "Ulikuwepo."

"Nilikuwa nje. Mimi hukuniambia kitu. Umemwambia daktari wako, na Mrisho amesikia. Hao watatu na Liwali kesho watazungumza."

"Watatu nani?"

"Daktari, Mrisho, na ile chupa ya soda. Bado unayo?"

"Nyuma ya magunia ya kunde." Alifumba macho. "Gaudens, tunasali kanisa moja. Wanetu wamebatizwa siku moja."

"Ndiyo maana nimengoja jino lioshwe kwanza," alisema Gaudens. "Sasa simama. Chochote utakachosema kuanzia hapa kitaandikwa."

Alimkabidhi kwa konstebo pembeni ya soko, akaenda nao Narung'ombe, wakahamisha magunia tisa. Chupa ilikuwepo, na kipande cha kijiti kilichosokotewa pamba, kilichotumika kama brashi. Gaudens alivifunga katika karatasi, akatia sahihi, konstebo akatia sahihi, wakatoka naye Onesphory kati yao.

Kisha Gaudens alirudi peke yake, akabisha hodi mlango wa ndani.

Bi Kuruthumu alikuwa ameketi sakafuni, nyumba imekwisha kuwa tupu nyuma yake. Mkeka ulikuwa umekunjwa. Vyungu vilikuwa vimefungwa ndani ya kanga. Kitanda cha kamba kilikuwa kimefumuliwa, matendegu yake manne yamelazwa ukutani pamoja na fito, tayari kwa mkokoteni wa asubuhi.

"Nimewasikia mkihamisha magunia," alisema. "Anahama yeye, au nahama mimi?"

"Huhami, mama. Kesho utakwenda barazani kusikiliza tu. Barua imeonekana ilivyofutwa, na aliyeifuta amesema mwenyewe mbele ya mashahidi."

Hakupiga kigelegele. Aliweka mkono kifuani, akisema maneno yake na Mola wake, na Gaudens akasimama akimsubiri, kofia mkononi. Alipomaliza alifuta uso kwa upindo wa kaniki.

"Na mimi nimekwisha kufumua kitanda," alisema. "Mwinjuma alikifunga mwenyewe, sijui hata kamba ilianzia wapi."

"Ilianzia kichwani, mama. Nyingi huanzia kichwani."

"Unajua kusuka?"

"Kwetu tuna vitanda vya mbao."

"Basi utajifunza. Weka kofia chini, mwanangu. Shika tendegu hilo, uliegemeze ukutani lisianguke, mimi nitapitisha fito."

Gaudens aliweka kofia sakafuni, akakunja mikono ya shati, akashika tendegu.

"Si hilo," alisema Bi Kuruthumu. "Hilo la miguuni."